Waziri Aliyekataa Sita Bila

Mwalimu wetu wa siasa, Bwana Prosper, hufundisha akiwa amefumba macho, jambo linalotufaa sana sisi wa viti vya nyuma. Siku ya somo la uhalisia wa kisiasa aliyafumba kuliko kawaida. Alisema dunia ni bweni lisilo na mwalimu wa zamu. Kila nchi ni mwanafunzi aliyelala na sanduku lake chini ya kitanda. Wapo wenye misuli, wapo wenye biskuti, na ukiporwa hakuna wa kumpigia kelele aje. Katika bweni la namna hiyo, alisema, mwenye akili hapotezi muda kuuliza nani mwema. Anauliza nani anataka nini, nani anaweza nini, na yeye mwenyewe atafanyaje ili apambazukiwe akiwa na biskuti zake.

Alipofumbua macho alikuta darasa zima tumegeuza madawati, tunatazama ukuta wa nyuma. Aliitazama migongo yetu kwa muda.

"Na hii," akasema, "ndiyo huitwa kuvunja uhusiano wa kibalozi." Akafumba macho, akaendelea.

Somo lile halikunipa taabu, kwa sababu nimelelewa na Wizara ya Mambo ya Nje. Wizara ya Mambo ya Nje ya kisiwa cha Korosol ina shangazi yangu Filomena Jolicoeur, ambaye ndiye waziri, karani mmoja, na feni. Iko ghorofani, juu ya duka la mikate la Bibi Zabeth. Likizo ya Krismasi nilipanda ngazi na kopo la rangi, nikaandika mlangoni kwa herufi za heshima: WIZARA YA MAMBO YA NJE NA MIKATE. Nilitegemea kuchapwa. Shangazi alilisoma bango, akavuta harufu ya mikate iliyokuwa ikipanda ngazi, akasema lisifutwe.

"Wageni wanafika juu wana njaa," alisema. "Na mtu mwenye njaa husaini haraka."

Likizo ya Pasaka nilirudi nyumbani mgongoni kwa Teofil muuza kuku. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Kimbunga kilikuwa kimelivunja gati letu, zikabaki nguzo tatu zenye ndege juu, na feri ikawa inatia nanga mbali. Abiria walishushwa kwenye mashua, mashua ikisogea hadi maji ya kiuno, halafu wanaume wenye mabega wakawabeba mpaka mchangani. Teofil alinibeba mimi, sanduku langu, na tenga la kuku, akalalamikia sanduku tu.

Watu tuliweza kubebwa. Kungumanga hazibebeki. Gunia la kungumanga likilowa maji ya chumvi, mnunuzi halitaki hata bure, na Korosol haina kitu kingine cha kuuza ila kungumanga na upepo. Mavuno yalikuwa yanakaribia. Gati lisiposimama kabla ya mavuno, mazao ya kisiwa kizima yangeozea ghalani, na nyumba zote nizijuazo zingekula shelisheli kavu mwaka mzima, pamoja na ya kwetu.

Mtu mmoja tu alikuwa amejitolea kutujengea. Alikuwa balozi wa dola kubwa ambayo sitaitaja jina, maana wao wana meli za kivita na mimi nina baiskeli. Dola hasimu wao ilikuwa imetutumia rambirambi na kalenda. Balozi huyu alivaa koti jua likiwaka, kwa hiyo mji mzima ulimwita Bwana Koti, ila mbele yake aliitwa Mheshimiwa. Alikuja na mkataba uliochapwa vizuri. Wangetujengea gati la zege. Kwa upande wetu tungewapa kura yetu kwenye baraza la mataifa, katika uchaguzi fulani wanaoutaka, na pia mlangoni mwa gati lingewekwa geti la chuma, ufunguo ukae ubalozini kwao. Meli yoyote isiyokuwa yao ingeomba ruhusa kwanza, hata feri yetu.

Nilimkuta Shangazi ofisini akiusoma mkataba huo na kipande cha mkate mkononi, hakili.

"Delphine, njoo hapa. Mtu akikujengea mlango halafu akabaki na ufunguo, kamjengea nani?"

"Kajijengea mwenyewe. Mkatalie, Shangazi!"

"Nimkatalie nikiwa nimeshika nini? Magunia mgongoni kwa Teofil?"

"Mwambie si haki."

Alinitazama kama mtu anayetazama ada ya shule ikipotea baharini.

"Haki nilimwambia Jumatatu. Aliiandika kwenye karatasi, akanishukuru, akaomba mkate mwingine. Sasa nataka kumlegeza kwa wema. Jumapili anakuja kucheza dhumna, na wewe utakuwa mwenzangu. Uwe na adabu."

Jumapili mchana ua wa Bibi Zabeth ulijaa. Meza iliwekwa chini ya turubai, rumu ikamiminwa kwa wakubwa, maji ya mapera kwa sisi tunaohesabiwa kuwa wadogo. Shangazi aliketi akinielekea. Balozi aliketi akimwelekea katibu wake, kijana mwenye miwani na uso ulio wazi kama dirisha. Kwetu hatuchezi dhumna kwa siri. Kete ishirini na nane, watu wanne, kila mtu saba, hakuna inayobaki pembeni. Ndiyo maana mtu akisema "napita," ua mzima unajua hana namba hiyo, na kuanzia hapo wanaijua mifuko yake. Kupita huku unayo kete ya kucheza ni aibu ambayo ukoo hauimalizi. Kuna familia huko mlimani ambayo babu yao alificha kete, na mpaka leo hawakopeshwi hata jembe.

Tulishinda mchezo wa kwanza. Tukashinda wa pili. Katibu alicheza kama mtu anayepanga vijiko. Balozi hakuwa mbaya, lakini kila alipokuwa karibu kumaliza, mkono wake ulichagua kete ya ajabu ajabu. Tulipofika nne bila, vijana walianza kupanda ukuta. Tulipofika tano bila, mtu alikwenda kuchuma shelisheli.

Lazima nieleze hilo shelisheli. Korosol, mtu akifungwa sita bila hapewi pole. Hupewa shelisheli bichi, kubwa kuliko yote yaliyopo, alibebe kichwani kutoka mezani mpaka ufukweni, na watoto wanamsindikiza wakigonga masufuria. Daktari ameshalibeba. Padri ameshalibeba, tena na kanzu. Balozi hajawahi hata mmoja, na ua mzima ulikuwa umeshaona picha hiyo akilini na kuipenda.

Shangazi alisimama ghafla. "Delphine, njoo unisaidie barafu."

Jikoni hakuna barafu aliyoigusa. Alifunga mlango.

"Huu wa sita tunashindwa."

"Nini?"

"Umesikia. Nikimbebesha shelisheli yule, kesho ananirudishia mkataba ule ule na mageti mawili. Tunashindwa huu, tunashindwa na unaofuata, anaondoka anacheka. Mtu anayecheka unaweza kumwomba kitu."

"Shangazi, tano bila! Watu wataniuliza mpaka nitakapozeeka!"

"Na kungumanga zikioza watakuuliza nini, wewe mwenye kuzeeka?"

"Lakini wewe mwenyewe hujawahi kumwacha mtu kwenye tano. Hata Mama hukumwacha, na alikuwa mjamzito!"

"Mama yako hana meli," alisema. "Usifiche kete, hilo sikubali. Cheza vibaya kwa uaminifu."

Jaribu siku moja kucheza vibaya kwa uaminifu mbele ya ua uliojaa watu wanaojua kuhesabu. Nilitupa kete zangu nzuri mapema kama mtu anayefukuza wageni. Shangazi alinikatia njia zangu mwenyewe, mimi mwenzake.

"Mama Waziri, unaumwa?" Teofil aliuliza kutoka ukutani.

"Jua," alijibu Shangazi.

"Jua gani? Uko chini ya turubai!"

"Mwacheni, ndio siasa za nje hizo!" mtu akadakia, wakacheka.

La kushangaza ni kwamba hatukuweza kushindwa. Tulipoufungulia upande wa Balozi mlango, yeye aliufunga. Nilipomwachia nne wazi kabisa, na nilijua anayo, alicheza upande wa pili. Mchezo ulikuwa unakwenda kama watu wawili wenye heshima waliofika mlangoni pamoja, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia. Jasho lilikuwa limelowesha koti lake mpaka mgongoni.

Kisha katibu, bila kujua dunia inaendaje, akaweka kete iliyofanya ncha zote mbili za mstari ziwe tano.

"Napita," alisema Shangazi.

"Napita," alisema Balozi. Alikuwa amebakiwa na kete moja tu mkononi.

Zamu yangu. Sikuwa na tano. "Napita."

"Napita," alisema katibu, akasukuma miwani juu.

"Imefungwa!" ua ukapiga kelele. "Onyesheni! Hesabu!"

Ikifungwa, kila mtu hulaza kete zake wazi na mwenye nukta chache anashinda. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kitu kingine. Mezani palikuwa na tano na tupu, tano na moja, tano na mbili, tano na tatu, tano na nne, tano na sita. Zilikuwa sita. Tano ziko saba. Tano-tano ilikuwa haijatoka, na sisi wote wanne tulikuwa tumepita.

Mtu mmoja kwenye meza ile alikuwa ameficha kete.

Nikamtazama Shangazi. Nikawaza: amefanya. Amenikataza yeye mwenyewe jikoni, na bado amefanya, kwa ajili ya gati. Yeye naye alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yalisema wazi kwamba akitoka hapo ananirudisha shule kwa kuogelea. Nikalaza kete zangu haraka: sita na tatu, nne na tupu. Nikaona mabega yake yakishuka. Akalaza zake, nazo hazikuwa na tano. Katibu akalaza zake mbili, akazinyoosha zilingane. Hazikuwa na tano.

Ilibaki kete moja, imelala kifudifudi chini ya vidole vya Bwana Koti.

Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akigundua jambo ambalo hakulitafuta. Shangazi hakushtuka. Alitulia kama paka. Yule mtu angeweza kuiweka tano-tano, akamaliza kete zake, akashinda mchezo, akaepuka shelisheli mbele ya watu wote. Akachagua kupita. Kumbe wakati sisi tunahangaika kushindwa, naye alikuwa anahangaika kushindwa. Dola yenye meli zote zile ilikuwa imemtuma mtu wake aje Korosol afungwe, abebe shelisheli, watoto wamgongee masufuria, ili mradi tu sisi tufurahi.

Bibi Zabeth alikuwa ameinamia meza, kidole kinatembea. "Tano na tupu... tano na moja... tano na mbili... tano na tatu... Ngojeni kwanza."

Balozi alikuwa ameganda. Alijua kabisa kinachomsubiri. Mfungwa wa sita bila huchekwa siku moja. Mficha kete hakopeshwi jembe.

Shangazi akafagia meza. Mikono yote miwili, kutoka pembe hadi pembe, kete zote zikachanganyika, na ile moja ikatoka chini ya vidole vya Balozi ikazama kati ya wenzake.

Kelele iliyofuata ilirusha ndege kutoka kwenye nguzo za gati. Kwetu sheria haina mjadala: anayechanganya kete kabla hazijahesabiwa amepoteza michezo yote, hata kama alikuwa anaongoza, na shelisheli ni lake.

"Filomena!" Bibi Zabeth alilia. "Tano bila! Una kichaa?"

"Mkono umeteleza," alisema Shangazi.

"Mikono miwili?"

"Yote imeteleza. Mheshimiwa, karibu jikoni, tunywe maji kabla sijabeba mzigo wangu. Delphine, njoo uoshe glasi."

Niliosha glasi ile ile moja kwa muda wote wa mazungumzo.

"Nakushukuru," alisema Balozi, akafuta shingo. "Sijui niseme nini."

"Usiseme. Jibu tu. Kura mnaitaka lini?"

"Nilikwishaeleza, katika kipindi kijacho cha—"

"Mheshimiwa. Ulikuwa na tano-tano."

Kule nje walikuwa wanalipima shelisheli kwa mizani ya mikate.

"Alhamisi," alisema.

"Alhamisi ipi?"

"Hii inayokuja."

Shangazi akavuta kiti akaketi. Tangu tuingie jikoni alikuwa amesimama tu.

"Na mnapungukiwa."

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Balozi alitazama sakafu. "Moja."

Shangazi hakucheka, na hilo ndilo lililonifundisha zaidi ya madawati yote ya Bwana Prosper. Mimi ningecheka mpaka Alhamisi.

"Basi tuelewane," alisema. "Kura utapata. Yule mgombea wenu simpendi wala simchukii, na ni Alhamisi moja tu. Gati ni la wajukuu wa huyu hapa anayejifanya anaosha glasi. Kwa hiyo geti linatoka. Ufunguo unatoka. Meli yoyote inayolipa ushuru inafunga kamba, ya kwenu, ya jirani, ya hasimu wenu."

"Ya hasimu? Mkubwa wangu atanifukuza."

"Akipoteza kwa kura moja atakufukuza vilevile, na utaondoka bila hata mkate. Na kazi inaanza kabla ya kungumanga za kwanza kudondoka. Meli yenu inayobeba vyuma vya ujenzi iko siku mbili kutoka hapa; hata kalenda tuliyotumiwa na hasimu wenu ina picha yake."

Balozi alicheka bila kutaka. Akavua koti, kwa mara ya kwanza tangu aje nchini, akautoa mkataba, akaomba kalamu. Alikata mstari wa geti. Alikata mstari wa ufunguo. Akafika kwenye kura, akasita.

"Nitajuaje kwamba utapiga?"

"Kwa sababu gati bado hujalijenga," alisema Shangazi. "Na mimi nitajuaje kwamba utajenga? Kwa sababu kura bado sijaipiga. Tukiaminiana zaidi ya hapo tutaharibu."

Wakasaini juu ya meza ya unga. Mkataba wa kimataifa wa Korosol una alama ya siagi kwenye ukurasa wa pili, na wanahistoria wasihangaike, ilikuwa yangu.

Kisha Waziri wa Mambo ya Nje akatoka nje, akainama, akawekewa shelisheli kichwani.

Lilikuwa kubwa kuliko la padri. Watoto walipanga mstari nyuma na masufuria, mama zao wakatoka madirishani.

"Mama Waziri, tano bila umeila mwenyewe!"

"Imenishibisha!" alijibu, shingo imenyooka.

"Umehongwa, Filomena!"

"Ningehongwa ningebeba hili?"

Nilitembea kando yake nikiwa nimekasirika kwa dhati. Kwa kadiri ya watu wote wale walivyojua, mimi Delphine Jolicoeur nilikuwa nimepotezewa ushindi mkubwa kuliko wote wa maisha yangu na mwenzangu mwenyewe.

"Waambie," nilimnong'oneza. "Waambie tu alificha kete."

"Nikiwaambia, kesho dola yake inajua kwamba mtu wake kaumbuka, wanamwondoa, wanamleta mwingine asiyedaiwa fadhila na mtu. Huyu atanikumbuka kila akiona shelisheli."

"Na sita bila yangu?"

"Utazipata nyingine. Una umri."

"Si za balozi!"

Hapo akacheka, shelisheli likayumba, na watoto wakapiga kelele wakidhani linaanguka. Bwana Koti, ambaye sasa hakuwa na koti, alikuja mbio kutoka nyuma.

"Mheshimiwa Waziri, niruhusu nikusaidie kulibeba."

"Hairuhusiwi!" ua mzima uliokuwa barabarani ulimjibu.

"Sheria za ndani ya nchi," Shangazi alimwambia kwa upole. "Usiingilie."

Tulifika ufukweni, mbele ya nguzo tatu zenye ndege. Akalishusha shelisheli mchangani, akajinyoosha mgongo, watoto wakagonga masufuria mara ya mwisho na kuishiwa nguvu. Watu walisubiri aondoke kwa aibu. Shangazi alikaa chini, akavua viatu, akamtuma Teofil alete kuni.

Tukalichoma pale pale. Bibi Zabeth, ambaye alikuwa ameapa kutoongea naye hadi Krismasi, alileta siagi na chumvi, akaviweka bila kuongea. Lilikuwa bichi kidogo katikati, na ganda limeungua upande mmoja. Balozi alikula vipande vitatu na kusema ni kitamu, na sisi tulikubaliana naye, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kukataa.